Petard: Mlinzi aliyelazimika kuchagua

HUENDA kwenu, msomaji, kuna picha ya zamani ukutani ama ndani ya sanduku la nyanya. Ni picha ya kijana aliyevaa kaptura pana ya khaki, mikono imenyooka kama ya mtu aliyeamrishwa asitikisike. Ukimuuliza nyanya huyo ni nani, atakwambia ni kaka yake aliyechukuliwa jeshini akaenda vita vya Bama. Ukimuuliza alizikwa wapi, atanyamaza kidogo, kisha atasema: "Alikwenda na meli." Hapo mazungumzo yanakwisha, chai inamiminwa, na mtu anaanza kuuliza habari za mahindi.

Leo nataka tuzungumze habari za meli. Si ile iliyowabeba vijana kama huyo, maana hiyo ilizama kwa dakika tatu na mwisho wake ni mfupi kuusimulia. Nataka tuzungumze juu ya meli iliyotumwa kuwalinda njiani, manowari ya Uingereza iliyoitwa HMS Petard.

Huko Ulaya manowari hiyo inasifiwa sana kwa jambo moja ililofanya katika bahari ya Mediterania mwaka wa 1942. Lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu wenyewe ya kuijua. Siku moja ya Februari 1944, nahodha wake alilazimika kuamua, kwa muda mfupi kuliko huu unaotumia kusoma ukurasa huu, kama atawaokoa vijana wetu waliokuwa wakielea baharini ama atamlipua adui aliyejificha chini yao, hata kama kwa kufanya hivyo atawaua wao pia.

MCHUNGAJI WA MELI

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Katika Vita vya Pili vya Dunia meli za mizigo na za abiria hazikusafiri peke yake kwenye maji ya hatari. Zilipangwa pamoja katika msafara, kama ng'ombe wanaopelekwa mnadani, na pembeni mwao zikawekwa manowari za kuzilinda. Ikiwa umewahi kuona morani wakitembea kando ya kundi, mmoja mbele, mwingine ubavuni, macho yao vichakani, basi umeelewa. Simba wa baharini alikuwa nyambizi, yaani ile manowari inayopita chini ya maji.

Petard ilikuwa ya aina ya manowari nyepesi zenye mbio ziitwazo destroya. Iliundwa huko Newcastle upon Tyne, Uingereza, ikateremshwa majini Machi 1941, na kuanza kazi Juni 1942. Urefu wake ulikuwa kama mita 105, yaani sawa na uwanja wa kandanda. Injini zake zingeweza kuikimbiza zaidi ya kilomita 60 kwa saa, mwendo wa matatu katika barabara nzuri. Jina lenyewe, Petard, ni jina la bomu la kale ambalo askari walikuwa wakilitundika kwenye lango la ngome ili walivunje.

Silaha yake kubwa dhidi ya nyambizi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni masikio. Chini ya tumbo la manowari kulikuwa na chombo kilichotoa mlio ndani ya maji. Mlio ukigonga kitu kigumu unarudi kama mwangwi, na fundi anayeusikiliza anaweza kukadiria adui yuko upande gani na umbali gani. Ya pili ni mapipa ya baruti. Kila pipa lilikuwa na karibu kilo 130 za baruti, na lilitegwa lilipuke likifika kina fulani. Hayakurushwa moja moja, bali kwa mafungu, ili kumzingira adui pande zote.

Likumbuke pipa hilo, msomaji, maana tutakutana nalo tena. Maji hayabonyei kama hewa. Mlipuko ukitokea ndani yake, kishindo husafiri kama nyundo na kupiga kila kilichomo. Chuma cha nyambizi hupasuka. Mwili wa mtu aliye majini hupigwa kifuani na tumboni, na mara nyingi mapafu na matumbo ndiyo yanayoumia, hata kama juu ya ngozi hakuna jeraha.

USIKU WA VITABU

Sasa twende Mediterania. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, kaskazini mwa pwani ya Misri, Petard pamoja na manowari wenzake wanne walikuwa wamewinda nyambizi moja ya Wajerumani kwa saa nyingi. Nambari yake ilikuwa U-559. Mapipa yaliendelea kumiminwa mpaka nyambizi ikashindwa kukaa chini, ikaibuka gizani ikiwa imejaa mapengo. Mabaharia wake wakajitupa majini. Walikuwa wamefungua njia ya maji ili chombo chao kizame na siri zake, lakini hakikuzama mara moja.

Hapo ndipo Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier wa Petard walipoingia kwenye chombo hicho cha adui. Aliwafuata kijana mmoja aliyeitwa Tommy Brown. Huyu hata hakuwa askari. Alikuwa msaidizi wa kantini melini, muuzaji wa sigara na chokoleti, na umri wake ulikuwa miaka 16 tu, kwa kuwa alidanganya umri ili apate kazi. (Ukiwa na kijana wa miaka hiyo nyumbani ambaye hataki hata kuosha sahani yake, mpe asome habari hii.)

Fasson na Grazier waliteremka ndani, gizani, maji yakipanda, wakawa wanakusanya vitabu na karatasi. Brown alisimama kwenye ngazi akipokea na kupitisha juu kwa wenzake waliokuwa ndani ya mashua. Alipanda na kushuka mara kadhaa. Kisha nyambizi ikazama ghafla. Brown aliruka, akapona. Fasson na Grazier walikwenda nayo chini.

Walikufa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya vitabu vya ishara za siri. Jeshi la majini la Ujerumani lilituma ujumbe wake kwa mashine iliyoitwa Enigma, ambayo iliyageuza maneno yakawa herufi zisizo na maana kwa asiyejua ufunguo. Tangu Februari 1, 1942, Wajerumani walikuwa wameongeza ugumu wa mashine za nyambizi zao za Atlantiki, na wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakizisoma siri hizo katika kituo cha Bletchley Park wakawa kama vipofu kwa miezi kumi. Vitabu vya U-559 vilifika kwao Novemba 24. Kufikia Desemba 13, walikuwa wameanza tena kusoma. Kujua nyambizi ziko wapi kulimaanisha kuipitisha misafara njia nyingine, na kila msafara uliokwepa ulikuwa na mamia ya watu waliofika nyumbani bila hata kujua ni nani wa kumshukuru.

Siri hiyo ilifichwa mpaka miaka ya 1970. Fasson na Grazier walitunukiwa nishani ya George Cross baada ya kufa, naye Brown akapewa George Medal. Hakuishi kuifurahia. Mwaka wa 1945 nyumba yao huko North Shields iliwaka moto, naye akafa akijaribu kumwokoa mdogo wake wa kike.

Majuma sita baada ya usiku ule, Desemba 15, 1942, Petard ikishirikiana na manowari ya Ugiriki iliyoitwa Vasilissa Olga iliilazimisha nyambizi ya Italia kuibuka kusini mwa Malta. Waliiteka na kujaribu kuivuta hadi bandarini, lakini ikazama njiani. Jina lake litakushangaza: Uarsciek. Ndivyo Waitaliano walivyoandika Warsheikh, mji mdogo wa pwani ya Somalia, kaskazini mwa Mogadishu. Walizoea kuzipa nyambizi zao majina ya sehemu walizotawala katika pembe yetu hii ya Afrika.

Mjerumani mmoja, Mwitaliano mmoja. Alibaki Mjapani. Huyo walikutana naye katika bahari yetu.

KILINDINI YAWA MAKAO YA VITA

Wazee wa Mombasa waliokuwa watoto wakati huo walishuhudia Kilindini ikigeuka. Mnamo Aprili 1942 ndege za Japani, zikiruka kutoka kwenye manowari za kubebea ndege, zilishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Waingereza walipoteza manowari kubwa kadhaa. Mkuu wao wa majeshi ya majini upande huu, Admirali James Somerville, aliona afadhali arudi nyuma. Alirudi Mombasa. Ghafla bandari ya kupakia kahawa na pamba ikawa makao ya manowari za Bahari ya Hindi.

Hata wavunja siri walikuja. Shule ya Allidina Visram, ambayo wasomaji wetu wengi wa Pwani wanaijua kwa masomo na michezo, ilichukuliwa ikawa kituo cha kusikiliza redio za Wajapani. Wakati ule ule Petard ilipokuwa ikifukuzana na U-559, wataalamu walioketi katika madarasa hayo ya Mombasa walifaulu kuifumbua ishara ya siri iliyotumiwa na meli za biashara za Japani. Kwa hiyo usidhani vita vya siri vilikuwa vya Wazungu huko kwao pekee. Vilipiganwa pia hapa, dirisha likitazama Bahari ya Hindi.

Kufikia mwanzo wa 1944 mambo yalikuwa yamegeuka. Sasa Waingereza walikuwa wakijiandaa kurudi Bama, na walihitaji watu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilikuwa tayari imepelekwa Ceylon kufanya mazoezi. Kikosi kimoja cha mizinga, kilichoitwa cha 301, kilikuwa bado huku. Kikapewa amri ya kuondoka.

MSAFARA WAONDOKA

Mwanzoni mwa Februari 1944 meli tano za kubeba askari ziling'oa nanga Kilindini kuelekea Colombo. Msafara huo uliitwa KR 8. Mojawapo ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, meli ya abiria ya Misri iliyoundwa mwaka wa 1922 na kuchukuliwa na Waingereza kwa kazi ya vita. Ndani yake walijazana watu 1,511 pamoja na mabaharia wake. Kati yao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga. Bila shaka walikuwamo vijana kutoka bara ambao bahari waliiona kwa mara ya kwanza siku walipofikishwa Mombasa.

Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, wauguzi zaidi ya 50 na wanawake wengine wa jeshi. Alikuwamo mwandishi wa habari za vita, Kenneth Gandar-Dower, mtu ambaye kabla ya vita alizunguka milima ya Nyandarua akimsaka simba mwenye madoadoa ambaye watu walidai wamemwona, na mwaka wa 1937 akapeleka duma kutoka Kenya kwenda kushindana mbio huko Uingereza.

Ulinzi wa kwanza ulikuwa mikononi mwa HMS Hawkins, manowari kubwa ya zamani. Kubwa ndiyo, lakini si ya kuwinda nyambizi. Njiani zikajiunga nayo destroya mbili, Paladin na Petard. Petard sasa iliongozwa na Luteni Kamanda Rupert Egan. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepita katika vita vya Sisilia, Salerno na visiwa vya Ugiriki, mahali ambapo manowari nyingi za aina yake zilipotea. Mabaharia wake walikuwa watu waliochoka, lakini kazi waliijua.

Jumamosi, Februari 12, msafara ulikuwa umefika kusini-magharibi mwa visiwa vya Maldives. Bahari ilikuwa shwari, jua kali, saa za baada ya chakula cha mchana. Waliokuwa melini walijua kwamba wamebakisha siku chache tu.

Chini ya maji alikuwa akiwasubiri Toshiaki Fukumura, nahodha wa nyambizi ya Japani iitwayo I-27. Chombo chake kilikuwa kirefu kuliko Petard yenyewe. Mwaka wa 1942 nyambizi hiyo ilishiriki katika shambulio la bandari ya Sydney, Australia, na tangu hapo ilikuwa imezamisha meli nyingi katika Bahari ya Hindi.

DAKIKA TATU

Mlinzi mmoja wa Khedive Ismail aliiona darubini ya nyambizi ikichungulia juu ya maji, akapiga kelele. Wapiga mizinga wa meli wakafyatua. Walikuwa wamechelewa. Fukumura alikwisha kuachilia makombora manne ya majini, yale yaitwayo topido. Mawili yakaipata Khedive Ismail.

Meli ilizama kwa dakika tatu, msomaji. Weka maji ya chai motoni sasa hivi uone kama yatachemka kwa dakika tatu. Katika muda huo mtu aliyekuwa sitaha za chini alitakiwa kusikia, kuelewa, kutafuta ngazi pamoja na mamia ya wenzake, kupanda kwenye sakafu iliyoinama, na kuruka. Wengi hawakufika hata kwenye ngazi. Waliofika walijikuta ndani ya maji yaliyotapakaa mafuta, wakishika mbao, mashua zilizopinduka, na wakishikana wao kwa wao.

Meli nne zilizobaki zilikimbia. Usizilaumu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya msafara: meli yenye askari haisimami kuokota watu, maana ikisimama inakuwa shabaha ya pili. Kazi ya kugeuka nyuma ni ya walinzi. Hawkins iliwaongoza wale wengine mbele. Paladin na Petard zikarudi.

UNGEFANYAJE?

Paladin ilianza kuteremsha mashua na kuokoa watu. Petard ikaanza kuwinda. Haikuchukua muda mafundi wa masikio wakapata mwangwi. Lakini mwangwi ulitoka wapi? Ulitoka chini ya watu. I-27 ilikuwa imejificha mahali ambapo ilitumaini kwamba hakuna Mwingereza angethubutu kutupa pipa la baruti, yaani chini ya wale waliokuwa wakielea.

Sasa jiweke mahali pa Egan. Mbele yako, upeo wa macho, kuna meli nne zilizojaa maelfu ya binadamu, na mlinzi wao ni manowari moja isiyo na uwezo wa kupambana na nyambizi. Ukiiacha I-27 iende, itaibuka usiku izifuate. Si hayo tu. Wewe mwenyewe na Paladin mkisimama kuokota watu, mnaweza kupigwa topido hapo hapo, na hao waliookolewa wakafa mara ya pili. Lakini mbele ya macho yako, karibu kiasi cha kuona nyuso, kuna mamia ya watu wanaopunga mikono wakidhani unakuja kuwachukua.

Egan aliamuru mapipa yatupwe.

Walioshuhudia walieleza baadaye jinsi waliokuwa majini walivyoiona manowari ikija kwa kasi, wakashangilia, kisha wakatambua kinachokuja. Kishindo kikapita ndani ya maji. Wapo walionusurika topido na moto, wakafa kwa mapipa ya rafiki. Mabaharia waliokuwa wakiyasukuma mapipa hayo nyuma ya manowari waliwaona, na waliishi na jambo hilo maisha yao yote.

Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Hapa nyasi zilikuwa na majina, na mama zao walikuwa nyumbani wakipalilia.

Nimelifikiria jambo hili kwa siku nyingi kabla ya kuandika. Sikupata jibu jepesi na sitakupa. Wapo wanaosema Egan alifanya ukatili. Wapo wanaosema aliwaokoa maelfu kwa kuwatoa mhanga makumi. Nijualo ni hili: kazi ya mlinzi wa msafara haikuwa kumwokoa aliyeanguka bali kumzuia adui asimwangushe wa pili, na siku hiyo kazi hizo mbili zilipigana ndani ya kifua cha mtu mmoja.

TOPIDO LA SABA

Baada ya fungu la tatu la mapipa, I-27 iliibuka. Paladin na Petard zikaifyatulia mizinga, lakini risasi za inchi nne ziligonga chuma chake kigumu bila kuitoboa. Paladin ikaamua kuigonga kwa kichwa. Egan akaona hatari, akatuma ishara iache. Paladin ikageuza usukani ikiwa imechelewa, na bawa la chuma la nyambizi likauchana ubavu wake. Maji yakaingia, Paladin ikawa hoi.

Petard ikabaki peke yake na adui ambaye hakuweza kuzama wala kukubali kufa. Egan akageukia topido zake mwenyewe. La kwanza likakosa. La pili likakosa. La tatu, la nne, la tano, la sita, yote yakakosa. La saba likapiga. I-27 ikapasuka na kutoweka pamoja na nahodha wake na mabaharia wake. Pambano lilikuwa limechukua zaidi ya saa mbili.

Sasa Petard ilikuwa imekamilisha jambo ambalo inatajwa kuwa meli pekee ya upande wa Washirika iliyolifanya: kuangamiza nyambizi za mataifa yote matatu adui, Ujerumani, Italia na Japani. Lakini melini hakukuwa na nafasi ya kushangilia. Ilikusanya walionusurika, wamelowa mafuta, ikaivuta Paladin iliyojeruhiwa hadi kituo cha Waingereza cha Addu Atoll, kusini mwa Maldives.

Hesabu ilipofanywa, kati ya watu 1,511 walionusurika ni wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa ni 1,297. Wanawake 77 walipotea, na inatajwa kwamba hakuna msiba mmoja wa vita uliowahi kuwaua wanawake wengi zaidi walio kazini katika historia ya Jumuiya ya Madola. Gandar-Dower hakuonekana tena. Na kikosi cha 301 cha mizinga kikawa kimekwisha kabla hakijafyatua risasi hata moja huko Bama. Divisheni ya 11 ilikwenda vitani baadaye mwaka huo bila wao, ikapita bonde la Kabaw katika mvua na matope hadi Kalewa.

MWISHO WA PETARD

Na manowari yenyewe? Ilirudishwa Uingereza mwaka huo wa 1944 kutengenezwa. Ilitumwa tena Mashariki mwaka wa 1945, lakini vita vilikuwa vinaishia. Ikawekwa kando, na katika miaka ya 1950 ikabadilishwa umbo kuwa manowari maalum ya kupambana na nyambizi. Mwaka wa 1967 ilivutwa hadi Bo'ness, Uskoti, ikavunjwavunjwa kuwa chuma chakavu. Huenda vipande vyake viligeuzwa sufuria, nani ajuaye.

Sifa zake hazikuvunjwa. Mwaka wa 2002 mji wa Tamworth, Uingereza, alikotoka Grazier, ulijenga kumbukumbu ya nanga kwa heshima yake na wenzake Fasson na Brown. Ukisoma habari za Petard leo, sehemu kubwa utakayokuta ni ule usiku wa vitabu. Ni haki yao. Watu wawili walikufa ndani ya chombo cha adui ili wengine waishi, na wanastahili nanga yao.

Lakini ile alasiri ya Maldives hupewa mistari michache, na katika mistari hiyo vijana wa kikosi cha 301 huwa ni tarakimu tu: "askari wa Afrika Mashariki 996." Ndiyo sababu nimekuandikia. Manowari ile haikuwa ya Waingereza pekee. Ilikuwa mlinzi wa wana wetu, na vijana wetu waliilipia kwa gharama ambayo hakuna kumbukumbu ya nanga inayoitaja.

NENDA UKASOME MAJINA

Hata hivyo, kuna mahali wanapotajwa. Ukipanda gari kutoka katikati ya Nairobi ukafuata Barabara ya Ngong, karibu na uwanja wa mbio za farasi utakuta Makaburi ya Vita ya Nairobi. Ni mahali palipotunzwa, nyasi zimekatwa, mawe meupe yamepangwa kwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Mle ndani kuna Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, na miongoni mwa majina yaliyochongwa ni ya vijana wa kikosi cha 301 waliozama na Khedive Ismail. Hawana makaburi. Kaburi lao ni bahari, na jiwe lao ndilo hilo.

Ukitaka kumtafuta mtu wenu, hivi ndivyo ufanye. Kwanza, kaa na wazee kabla hawajatuacha, uwaulize jina aliloandikishwa nalo jeshini, maana mara nyingi silo walilomwita nyumbani. Uliza jina la baba yake, kijiji na kabila, kwa kuwa ndivyo makarani wa siku hizo walivyoandika. Tafuta kama kuna barua, nishani au karatasi yenye nambari ya askari. Nambari hiyo ni bora kuliko jina, kwani haikosewi tahajia. Kisha tafuta katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo siku hizi inapatikana bila malipo kwenye intaneti. Jaribu jina kwa tahajia mbalimbali. Karani aliyeandika "Njoroge" leo, jana yake huenda aliandika "Joroge."

Na ukimpata, mpeleke mtoto wako akalione jina hilo. Msomee kwa sauti. Mwambie huyu hakupotelea Bama kama tulivyozoea kusema. Hakufika. Alifia njiani, Jumamosi ya Februari 12, 1944, mchana wa jua kali, akiwa amelindwa na manowari iliyojua kazi yake vizuri, ambayo siku hiyo haikuweza kumlinda.

Kisha rudi nyumbani, uitoe ile picha sandukuni, uifute vumbi, na umwambie nyanya. Mwambie ile meli ilikuwa na jina.